Hujafa, hujaumbika

Katika kikao kimoja cha familia nilimsikia mtu mzima ninayemheshimu sana akimzungumzia kijana wa miaka 19: "Huyo samaki ameshakauka. Angekunjwa zamani." Kijana alikuwa ameacha masomo na pombe imemkolea. Wengi mle ndani waliinamisha vichwa kuitikia. Tangu siku ile methali ya samaki mkunje angali mbichi imenikaa kooni. Naijua thamani yake. Najua pia ni wangapi imewazika wangali hai.

Saikolojia nayo ilianza kwa kuamini jambo lilelile. Sigmund Freud, kuanzia maandishi yake ya mwaka 1905, alishikilia kwamba tabia ya mtu hufinyangwa utotoni, na hatua zake tano za ukuaji zinafikia tamati mtu anapobalehe. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alichunguza jinsi watoto wanavyofikiri akaona hatua nne, na ya mwisho huanza mtoto akiwa na miaka kama 11 au 12. Ualimu wa leo una deni kubwa kwa Piaget, sibishi. Lakini pigeni hesabu. Anayeishi hadi miaka 75, nadharia hizo zinamwachia zaidi ya miaka 60 isiyo na jina, kana kwamba baada ya balehe mtu hubaki kula na kungoja.

Aliyeipa jina miaka hiyo ni mwanasaikolojia Erik Erikson. Mwaka 1950 alitoa nadharia ya hatua nane, kuanzia mtoto anapozaliwa hadi mzee anayejiandaa kuondoka duniani, na kila hatua aliiona kama mvutano. Mtoto mchanga yuko kati ya kuamini na kutoamini. Kijana anahangaika kujua yeye ni nani. Mtu wa makamo anavutwa kati ya kuwajenga wanaokuja nyuma yake na kudumaa akijihudumia mwenyewe tu. Mzee anayatazama maisha aliyoyaishi, ama anayakubali kuwa ni yake, ama anakata tamaa. Mara ya kwanza niliposoma kuhusu ile hatua ya makamo niliweka kitabu chini. Nilikuwa na umri huohuo, nikisumbuliwa na kitu ambacho sikuwa na neno lake.

Ninacholalamikia ni jinsi tulivyomgeuza Erikson kuwa ratiba. Hatua zake zimewekwa kwenye jedwali lenye umri upande mmoja na jukumu upande wa pili, na watu wanajipima humo. Binti wa miaka 35 ambaye hajaolewa anaambiwa ameshindwa "hatua ya sita", ile ya kujenga ukaribu na mwenzi. Mwanamume wa miaka 50 anayeanza kazi mpya anaonekana amerudi ujanani. Erikson hakufundisha hivyo. Kwake, mivutano yote iko ndani yetu muda wote; umri huamua tu upi umepanda juu. Mke wake, Joan, aliyefanya naye kazi hiyo, aliongeza hatua ya tisa katika toleo lililotoka mwaka 1997, yeye akiwa na zaidi ya miaka 90. Alieleza kwamba katika uzee mkubwa mivutano ya zamani hurudi. Hata ule wa mtoto mchanga wa kuamini na kutoamini, kwa sababu mzee hawezi tena kuuamini mwili wake mwenyewe. Hilo linaweza kuandikwa na aliyefika huko tu.

Tukumbuke pia ni nani waliopimwa. Mwanasaikolojia Lawrence Kohlberg alijenga hatua zake za jinsi mtu anavyokua kimaadili kwa kuwahoji wavulana 72 wa Chicago. Hapakuwa na msichana hata mmoja, na mwanasaikolojia mwenzake, Carol Gilligan, alilisema hilo waziwazi mwaka 1982. Daniel Levinson alieleza misimu ya maisha ya mtu mzima kutokana na wanaume 40. Ni kazi za kuheshimiwa, ila si kipimo cha kila binadamu.

Utafiti ambao ningependa mle kikaoni waujue ni ule wa Kauai, kisiwa kimoja cha Hawaii. Emmy Werner na Ruth Smith walifuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, tangu kuzaliwa hadi walipofika miaka 40. Karibu theluthi moja walianza maisha katika hali ngumu: umaskini, matatizo wakati wa kuzaliwa, ugomvi nyumbani, mzazi mlevi au mgonjwa wa akili. Kati ya hao, mmoja katika kila watatu alikua vizuri kabisa, na karibu kila mara alikuwepo mtu mzima mmoja aliyemshika mkono, hata kama si mzazi. Waliobaki walipata matatizo, wengine wakiwa vijana wakaingia kwenye uhalifu. Lakini walipofika miaka ya thelathini na arobaini, wengi wa vijana wale walikuwa wametengemaa. Kilichowanyoosha hakikuwa muujiza: kurudi masomoni, ndoa yenye utulivu, jeshi, imani, kupona ugonjwa mkubwa. Hao ndio samaki tuliosema wamekauka.

Haki inanidai niseme na upande wa pili. Watoto waliolelewa katika vituo vya yatima vya Romania, katika hali mbaya mno, kisha wakachukuliwa na familia za Uingereza, walifuatiliwa hadi utu uzima. Waliotoka kabla ya miezi sita walikua karibu sawa na wenzao. Kati ya waliokaa zaidi ya hapo, wengi walibaki na makovu, ingawa wapo ambao hawakuwa na tatizo lolote. Utoto ni mzito, na anayeupuuza anawaumiza watoto. Ninachokataa ni kuufanya hukumu.

Paul Baltes, mwanasaikolojia Mjerumani, ndiye aliyeliweka jambo hili namna inayonitosheleza: katika kila umri tunapata na tunapoteza kwa wakati mmoja, hata utotoni. Mfano alioupenda ni mpiga piano Arthur Rubinstein, ambaye uzeeni alipunguza vipande anavyopiga, akavifanyia mazoezi zaidi, na kabla ya sehemu ya kasi alipunguza mwendo ili ile kasi isikike kubwa kuliko ilivyo. Vidole vilikuwa vimechoka. Yeye alikuwa bado anajifunza.

Siku ile kikaoni niliuliza swali moja tu: ni nani anayezungumza na huyu kijana kila wiki? Hakukuwa na jibu. Tukaacha kujadili amekuwaje, tukaanza kujadili ni nani atakayeanza kumpigia simu.