Sisi Wengine Hatukubakiziwa Hata Kona

Leo Jumatatu, kabla sijapata hata kikombe cha chai, kijana wa bodaboda pale kijiweni Chikongola amenipa mkono kwa heshima zote na kuniambia, "Hongereni na ninyi, mzee, ujirani mwema ni jambo zuri." Nikamshukuru, nikapiga hatua tatu, ndipo hilo neno "ujirani" liliponifikia. Timu ya taifa ya Tanzania imefuzu kwenda Misri kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika baada ya miaka 39, tangu ile safari ya Lagos ya mwaka 1980, na mimi niliyezaliwa Mtwara hii hii ninapongezwa kama balozi wa Msumbiji! Kijana mwenyewe lafudhi yake ni ya Kanda ya Ziwa: alikuja huku kufuata ajira za gesi, ajira zikamkwepa, akabaki na pikipiki.

Simlaumu sana, kwa sababu yote yalianzia jana jioni, tarehe 24 Machi 2019, katika banda la mpira, tulipokuwa tukiitazama Tanzania ikicheza na Uganda. Madogo nitayapita: kiingilio kilichopanda ghafla kutoka shilingi 500 hadi 1,000 kwa kisingizio cha uzalendo, benchi lenye msumari, na jezi niliyoichukua kwa mkopo kwa machinga (jina ambalo asili yake ni Wamachinga wa Lindi, na hatujalipwa hata thumni), ambayo mvua ilipoinyeshea rangi yake ilihamia kwenye fulana ya ndani. Fedha za korosho bado zinahakikiwa, kwa hiyo hata matusi ya kumtukana huyo machinga nimeyaahirisha.

Lililonishinda ni mgawanyo wa magoli.

Simon Msuva alipofunga katika dakika ya 21, banda zima lilikuwa kitu kimoja, na mimi nilikumbatiwa na Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye Kimakonde chake kinawaaibisha wanangu. Umoja huo ulidumu kama dakika mbili. Mpare mmoja muuza vipuri alisimama, akafuta jasho kwa leso, akatutangazia kwamba Msuva ni mtu wa kwao Same, kwamba jina lenyewe hasa ni Msuya ila karani wa vizazi alikosea herufi moja. Tulicheka, lakini yeye hakuketi. Alianza kupokea pongezi kwa mikono miwili kama baba wa bwana harusi.

Katika dakika ya 51 Erasto Nyoni akafunga penalti. Seremala Mngoni hakusubiri hata mpira urudishwe katikati: Nyoni, alisema, ni jina la Songea, na anayebisha aende akayasome makaburi. Nikawa natafuta pa kuingilia. Dakika sita baadaye Aggrey Morris akaweka la tatu, na kabla sijafungua kinywa, mchuuzi wa dagaa kutoka Unguja, ambaye tangu jioni hakuwa ametamka neno, aliinuka polepole, akaiweka sawa kofia yake, akasema, "Hilo sasa tuachieni Wazanzibari."

Magoli matatu yakawa na wenyewe watatu. Nikauliza, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuwa katibu wa chama cha msingi, "Ndugu zangu, na sisi wenyeji wa Mtwara, hatuna hata kona?" Mwalimu Mhaya, ambaye tangu mwanzo wa mchezo alikuwa akituhumiwa kuishangilia Uganda moyoni kwa sababu kutoka kwao Bukoba Kampala ni karibu kuliko Dar es Salaam, aliona hapo ndipo pa kujinasulia. "Kwani wewe, mzee wangu," aliuliza kwa upole wa darasani, "wazazi wa baba yako walizaliwa ng'ambo ipi ya Ruvuma?"

Banda zima likaupa mpira kisogo na kunigeukia mimi.

Nilijibu kwa utulivu kwamba bibi yangu alivuka kutoka Mueda kabla ya Uhuru, akaja kukata mkonge Lindi, na kwamba ule mto haukuchimbwa na Mmakonde. Nilikusudia kuishia hapo. Lakini swali hilo nilikwisha kuulizwa dirishani, nilipofuata kitambulisho, nikatakiwa nimtaje babu mzaa babu na kijiji chake na balozi wake wa nyumba kumi, kana kwamba wakati huo kulikuwa na nyumba kumi. Bibi yangu amezikwa hapahapa Magomeni, na mnazi tulioupanda siku ya arobaini yake umeshaangua nazi hadi tumechoka kuzikuna. Mnataka tumzike mara ngapi ndipo awe wa hapa? Mbona gesi ya Msimbati haiulizwi babu yake, inaingia tu kwenye bomba na kupokelewa Dar es Salaam kama mtoto wa nyumbani? Nilikuwa nimefika hapo, nimekwisha kupanda juu ya benchi, sauti inanikatika na macho yameanza kuniuma, umeme nao ukakatika.

Uwanja wa Taifa kule uliendelea kuwaka. Sisi tulimalizia mpira kwa kiredio cha mlinzi, na ndimo tulimopata habari kwamba Lesotho, waliokuwa wakiwania nafasi hiyohiyo na sisi, wametoka sare ya bila kufungana na Cape Verde mjini Praia. Wenye hesabu waliduwaa, kwa maana Lesotho wangeshinda, magoli yetu yote matatu yangekuwa ya kujifurahisha tu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Kwa furaha, na kwa uchu wa kupata fungu langu, nilipaza sauti gizani kwamba sare hiyo ni yangu: watu wa Cape Verde wanazungumza Kireno, na marehemu bibi yangu nazi zake alikuwa akizihesabu kwa Kireno.

"Si nilisema?" akajibu mwalimu.

Walicheka mpaka umeme ukarudi. Uliporudi, nikamwona yule kijana wa bodaboda mlangoni, anatikisa kichwa kwa huruma kabisa. Jezi nimeianika uani, na sasa rangi imehamia kwenye kanga ya mama watoto, naye anataka kujua atalipwa na nchi gani.