Honus Wagner na hundi ya dola 10

Mwaka 1909 kampuni ya American Tobacco ilianza kutia kadi za wachezaji wa besiboli ndani ya paketi za sigara. Kwa ajili ya sura ya Honus Wagner, nyota wa Pittsburgh Pirates, ilimtumia John Gruber, mwandishi wa michezo wa mjini humo, na kumwahidi dola 10 akiipata ruhusa. Wagner akakataa. Gazeti la Sporting News lilieleza mwaka 1912 kwamba barua yake ya kukataa iliambatana na hundi ya dola 10, ili Gruber asitoke kapa.

Kadi chache zilikuwa zimeshachapwa. Leo zinazojulikana ni kati ya 50 na 60 hivi, na mwaka 2022 moja iliuzwa kwa dola milioni 7.25. Wagner alipokuwa kileleni alilipwa dola 10,000 kwa mwaka. Ukiacha kupanda kwa bei, angecheza miaka 725 kuifikia karatasi hiyo, ambayo hata kiganja haiwezi kukijaza.

Wakusanyaji wamebishana kwa miongo mingi kwa nini alikataa, na wamegawanyika makundi mawili.

Kundi la kwanza linasema ni kwa sababu ya watoto. Mjukuu wake alilisisitiza hilo mwaka 1992: si kwamba babu hakulipwa, ni kwamba hakutaka watoto walazimike kununua tumbaku ili wapate kadi yake. Hoja hii ina miguu. Wavulana wa enzi zile walisimama nje ya maduka ya tumbaku wakiwaomba wanaume wanaotoka wawape kadi za kwenye paketi. Na miaka ileile sura ya Wagner ilikuwa kwenye kadi za American Caramel, zilizouzwa pamoja na peremende. Peremende sawa, sigara hapana. Mwenye kuliamini kundi hili si mjinga.

Kundi la pili linasema ni suala la malipo na ruhusa. Linakumbusha kwamba Wagner mwenyewe alitafuna tumbaku. Alipokuwa akichezea Louisville, kabla ya mwaka 1900, sura yake ilipamba kadi ya kutangaza biri za mfanyabiashara Henry Reccius. Na kuna kadi ya kampuni ya Leaf ya mwishoni mwa miaka ya 1940, Wagner akiwa mzee, inayomwonyesha akijitilia tonge la tumbaku mdomoni. Kadi hiyo iliuzwa pamoja na bigijii. Kwa watoto.

Ajabu yangu ni jinsi maelezo haya ya pili yanavyosimuliwa. Watu huyasema kwa sauti ya chini, kama wanaomfichua mcha Mungu aliyekutwa kilabuni: kumbe mzee alitaka chake! Wanaomtetea nao huona wajibu kulikana jambo hilo, kana kwamba kudai malipo ya sura yako ni doa la kufutwa. Mimi nadhani pande zote mbili zimemdhulumu hapo. Tuseme alikataa kwa sababu hakuna aliyemlipa, au hakuna aliyemfuata kwa heshima. Aibu iko wapi?

Huyu alikuwa mtoto wa wahamiaji wa Kijerumani, aliyeingia kwenye migodi ya makaa ya mawe ya Pennsylvania akiwa na miaka 12 hivi. Alijua kazi ina bei. Kabla ya msimu wa 1908 alitangaza kwamba anastaafu, na aliporudi uwanjani mshahara wake ulikuwa umepanda mara mbili, kutoka 5,000 hadi hizo 10,000. Hakuna anayemlaumu kwa hilo. Linasimuliwa kama ujanja wa mtu mzima. Lakini akifanya jambo la namna hiyo kwa uso wake badala ya mikono yake, ghafla tunahitaji hadithi ya watoto ili tumsamehe.

Zirudie tena zile dola 10. Kampuni ilikuwa na bajeti ya ruhusa, ila katika masimulizi yale fedha inayotajwa ni ya mjumbe. Yaani dalali ana fungu lake linalojulikana, na mwenye uso anatazamiwa kufurahi tu. Ile hundi huchukuliwa kama ushahidi wa ukarimu, na bila shaka Wagner alikuwa mkarimu. Lakini mimi naona pia mtu aliyesoma hesabu ya biashara ile vizuri: ujira wa dalali huu hapa, nimeulipa mimi, tusidaiane.

Waliokubali ndio wengi. Seti ile, ambayo wakusanyaji huiita T206, ina kadi zaidi ya 500. Hapa lazima niwape wachapaji haki yao. Kabla ya redio na televisheni, kijana wa kijijini Ohio aliujua uso wa mchezaji wa New York kwa sababu ya kadi. Wapo wachezaji wa T206 ambao leo wasingekumbukwa na yeyote, ila karatasi ile imewahifadhi wakiwa na rangi zao. Na hatari ya biashara ilikuwa ya kampuni. Sy Berger wa Topps, kampuni ya bigijii iliyokuja kuchapa kadi baadaye, alisimulia jinsi mwaka 1960 kadi za 1952 zilizododa ghalani zilivyopakiwa kwenye tishari na kutoswa katika Atlantiki. Zilikuwa za awamu ya mwisho ya seti ile, yenye kadi ya Mickey Mantle, nyota wa New York Yankees. Moja ya kadi hizo za Mantle ilifika dola milioni 12.6 kwenye mnada wa 2022. Hakuna aliyemwibia Mantle dola milioni 12. Siku zile hazikuwepo.

Hoja hiyo naikubali kwa bei za minada. Siikubali kwa bei za siku ileile kadi ilipotoka kiwandani, maana huko fedha ilikuwepo na ilihesabika.

Ushahidi upo kwa Topps yenyewe. Mwaka 1953 kampuni hiyo ya bigijii ya Brooklyn ilikuwa mahakamani na mshindani wake Haelan, wenye kadi za Bowman, wakigombania nani ana haki ya picha za wachezaji. Jaji Jerome Frank akaamua kwamba mtu ana haki juu ya thamani ya picha yake, haki iliyo kando na ile ya kulindiwa faragha. Sheria nyingi za Marekani za haki ya sura zinarudi kwenye hukumu ile. Nayo ilizaliwa na ugomvi wa wauza bigijii wawili, wachezaji wenyewe wakiwa si upande wowote katika kesi. (Nacheka, lakini sisi tuliovaa kanga za Obama mwaka 2008 hatukumwandikia barua kuomba ruhusa.)

Haki ikawepo kwenye vitabu, mfukoni ikawa dola 125 kwa mwaka. Ndicho Topps ilichomlipa mchezaji wa ligi kuu, baada ya dola 5 za kumsainisha akiwa bado kijana wa ligi ndogo. Aliyetaka angeweza kuchagua kifaa cha nyumbani kutoka kwenye katalogi badala ya fedha. Hebu mfikirie kijana mwenye mshahara wa chini wa wakati huo, dola 6,000, akichagua kibaniko cha mkate.

Marvin Miller alipokuja kuongoza chama cha wachezaji mwaka 1966, akitokea chama cha wafanyakazi wa chuma, aliiona dola 125 ile kama nilivyoiona mimi ile 10 ya Gruber. Topps haikutaka mazungumzo. Mwaka 1968 wachezaji wakagoma kupigwa picha. Ndiyo maana ukifungua seti ya 1969 unakutana na picha kuukuu zilizotumiwa tena. Mgomo umechapwa ndani ya kadi. Topps ikasalimu amri: 250 kwa kila mchezaji, pamoja na asilimia 8 ya mauzo hadi dola milioni 4 na asilimia 10 ya yanayozidi hapo. Mwaka wa kwanza chama kilipata dola 320,000. Kadi hazikukoma kuchapwa, wala mashabiki hawakuwapenda wachezaji kidogo kwa sababu walilipwa.

Wapo watakaosema namvika Wagner kofia ya Miller, miaka 60 kabla ya wakati. Pengine. Lakini soko lenyewe linatuambia kinachonunuliwa. Wagner si kadi adimu kuliko zote katika T206. Ipo ya Joe Doyle, iliyochapwa kimakosa na jina la ligi isiyo yake, ambayo zinajulikana kama kumi tu, nayo bei yake haigusi ya Wagner. Ukuu wa Wagner uwanjani una sehemu yake, alikuwa mmoja wa watano wa kwanza kuingizwa kwenye jumba la mashujaa wa besiboli mwaka 1936. Lakini hata kadi zake nyingine hazikaribii bei hiyo. Kinacholipiwa mamilioni ni lile hapana.

Kadi zenyewe sasa zinakaa ndani ya maganda magumu ya plastiki, kwenye kabati zenye ulinzi. Ukiigeuza mojawapo utakuta nyuma maandishi ya Sweet Caporal au Piedmont, tangazo la sigara alilokataa kubebeshwa, halijafifia.