Tone linalookoa neva ya jicho na kuumiza uso wake

Mgonjwa wa presha ya macho, ugonjwa unaoua neva ya kuonea, akiandikiwa matone, ameandikiwa dawa ya maisha. Timolol, dawa ya kushusha presha hiyo, ikitiwa asubuhi na jioni ni matone 730 kwa jicho moja kila mwaka, na vichupa vingi vya bei nafuu vina kihifadhi kiitwacho benzalkoniamu kloraidi, kinachozuia bakteria kuzaliana baada ya kichupa kufunguliwa. Kwa miaka mingi madaktari wa macho wamebishana kama ni sawa kumpa kihifadhi hicho mtu atakayekitumia mpaka mwisho wa uhai wake.

Wanaokipinga wanaanzia kwenye ute. Katika ngozi laini inayofunika weupe wa jicho kuna seli zenye umbo la kikombe, ambazo kazi yake ni kutoa ute, hasa protini iitwayo MUC5AC. Ute huo husaidia chozi litandae vizuri juu ya konea, kioo cha mbele cha jicho, na hunasa vumbi na vijidudu mpaka vitoke pamoja na tongotongo. Seli hizo zikipungua, machozi hayakai mahali pake. Ndiyo maana mtu anaweza kulalamika kwamba anahisi mchanga jichoni huku machozi yanamtiririka mashavuni, na anasema kweli.

Magonjwa mengi ya uso wa jicho huishia kwenye seli hizi. Upungufu wa vitamini A hukausha ngozi hiyo na kuzipoteza; trakoma, maambukizi ya bakteria ya macho, huacha kovu pale zilipokuwa. Kihifadhi huzila polepole. Ni kemikali ya jamii ya sabuni, iliyoingia kwenye kazi ya kuua vijidudu mwaka 1935 kupitia Gerhard Domagk. Huvuruga utando wa mafuta unaoizunguka bakteria, na utando wa seli ya binadamu nao umejengwa kwa mafuta. Seli zikijeruhiwa huamsha uvimbe, na uvimbe ukidumu huendelea kuzimaliza seli za ute hata baada ya tone lenyewe kuoshwa na machozi.

Madhara haya huonekana kwa macho. Daktari hulitia jicho ganzi, akabandika kipande cha karatasi ya chujio juu ya weupe wake, akakibandua, akakitia rangi na kukitazama kwa darubini. Kwenye jicho lenye afya, seli za ute hutokeza kama madoa ya mviringo ya waridi iliyokolea. Kwenye jicho lililokaa miaka mingi na matone ya aina mbili tatu, madoa ni ya kuhesabu, na seli jirani zimetanuka na kuwa bapa. Mwaka 1994 David Broadway na wenzake wa London walionyesha kwamba waliotumia dawa nyingi kwa muda mrefu walikuwa na seli chache za ute, na upasuaji wa presha ya macho uliwafeli mara nyingi zaidi. Mimi ushahidi huu ndio unaonigusa kuliko mwingine, kwa sababu mgonjwa huyu huenda akahitaji upasuaji siku moja.

Upande wa pili nao una hoja nzito. Majaribio mengi yamefanywa kwenye seli za maabara, ambako hakuna machozi ya kuipunguza makali kemikali. Wagonjwa wa London walitumia pia dawa kali za zamani, kwa hiyo kihifadhi hakiwezi kubeba lawama zote. Nchini Ufaransa, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002 kwa wagonjwa 4,107 ulikuta 43% ya wanaotumia matone yenye kihifadhi wakiumia wakati wa kuyatia, dhidi ya 17% ya wasiokitumia. Lakini wagonjwa hao hawakugawanywa kwa bahati nasibu, kwa hiyo huenda makundi mawili yalitofautiana tangu mwanzo. Isitoshe, kichupa kisicho na kinga yoyote kikishikwa na mikono michafu kinaweza kupeleka maambukizi moja kwa moja jichoni. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliona kwamba dawa zisizo na kihifadhi zinahitajika kwa wasiokivumilia, lakini haikuona sababu ya kukiondoa kwa wote. Na neva iliyokufa kwa presha hairudi.

Kwa hapa kwetu Tanzania naona tunabishania kichupa wakati pa kubishania ni idadi ya matone. Dawa isiyo na kihifadhi ambayo mgonjwa hawezi kuinunua mwezi wa tatu haimsaidii. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, watafiti waligawa wagonjwa 201: wengine timolol, wengine leza ya kufungua njia ya maji ya jicho. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja leza ilifanikiwa kwa 61% ya macho, timolol kwa 31%. Leza haigusi seli za ute kila siku. Mashine ni ghali na nguvu ya leza hupungua kadiri miaka inavyopita, lakini ningependa hospitali za mikoa zianze na mashine hiyo kabla ya kuagiza vichupa vya anasa.

Anayebaki kwenye matone, dawa mbili ziunganishwe katika kichupa kimoja inapowezekana, ili kihifadhi kisiingie mara mbili. Vichupa visivyo na kihifadhi, vikiwa vichache, wapewe kwanza wenye makovu ya trakoma, wenye macho makavu tangu awali na wanaosubiri upasuaji. Na mgonjwa aulizwe kila kliniki kama jicho linawaka, kwa sababu wengi huacha dawa kimyakimya jicho likianza kuwaka.