Filimbi ya Saa Nane za Usiku

Mhehe wa Iringa kujikuta kaskazini mwa Minnesota, Marekani, si jambo la ajabu kama wengi wanavyodhani. Sharika nyingi za Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) zina sharika rafiki katika Sinodi ya Eneo la Saint Paul, jimboni humo humo Minnesota, kwa uhusiano unaoitwa Bega kwa Bega, na kwa sababu hiyo nilipofika kujitolea kuwa mlezi katika kambi ya kiangazi ya vijana wa Kikristo, mtu wa kwanza kunipokea alikuwa mchungaji mstaafu wa Kimarekani, mwenye mvi na kaptura, aliyenishika mkono na kusema, "Kamwene!" Nilifurahi mno, nikamwaga Kihehe changu chote, hadi ilipobainika kwamba Kihehe chake kilikuwa kimeishia pale pale.

Viza ya J-1 wanayopewa walezi wa kambi haizidi miezi 4, kwa hiyo wenyeji hawapotezi muda. Kabla watoto hawajafika tulikabidhiwa jalada la mafunzo, nene kama Biblia ya mimbarini, na tukafundishwa kila baya linaloweza kumpata mtu msituni: kupe wanaoambukiza ugonjwa wa Lyme, dubu weusi wanaofuata harufu ya biskuti hadi mlangoni, mmea wa majani matatu unaowasha kuliko upupu, na radi, ambayo ikisikika mara moja tu watu wote hutoka majini na hawarudi kwa dakika 30. Ziwa lilikuwa na sura yake peke yake. Mtoto asipoonekana, mlezi haruhusiwi kukimbia kumtafuta kivyake, wala kukaa akipima mambo. Anapuliza filimbi mara tatu kwa nguvu, kengele inagongwa, watoto wote wanahesabiwa, na walezi wanaingia kwenye maji ya kina kifupi, wanashikana mikono, kisha wanasonga kwa mstari mmoja wakipapasa tope kwa nyayo. "Pulizeni kwanza," mkurugenzi alisisitiza, "uhakika utafuata baadaye." Naomba msomaji aliweke neno hilo akilini, maana yeye mwenyewe alikuja kulisahau upesi.

Jalada lote hilo halikuwa na ukurasa hata mmoja unaohusu ndege.

Nilipewa nyumba ya mbao yenye wavulana wa umri wa miaka kumi hivi, wapole mchana na wabishi usiku. Kule mwezi Juni jua huzama karibu saa tatu usiku, na hakuna sala ya jioni inayoweza kumshawishi mtoto alale huku akiona vizuri kabisa nje watu wakirusha mpira. Usiku ninaousimulia walikuwa wamelala kwa taabu, midomo ikiwa bado na utando wa chokoleti ya motoni, nami nilikuwa nimeanza tu kuonja usingizi, nilipomsikia mtu akilia ziwani.

Sisemi sauti kama ya mtu, nasema mtu. Ilianza chini, ikapanda, ikajivuta juu ya maji, "Uuuuu-uuuu," ikakatika pale ambapo pumzi ya mtu anayezama ingekatika. Nikaketi kitandani. Ikarudi, ndefu zaidi. Nikawasha tochi na kupitisha mwanga kwenye mifuko ya kulalia, mmoja baada ya mwingine, nikiona vichwa vya nywele za rangi ya mahindi, hadi nilipofika kwenye mfuko wa karibu na mlango, ambao ulikuwa umefunguliwa zipu hadi chini na haukuwa na mtu.

Nikapuliza. Nilipuliza filimbi ile jinsi tarumbeta ya Yeriko ilivyopulizwa, na kambi ikaanguka nje. Kengele ikagongwa, taa zikawashwa, watoto wakatolewa vitandani wakiwa wamejifunga mablanketi, na mkurugenzi akatokea akiwa na gauni la kulalia, jaketi la mvua juu yake na kiatu kimoja. Sikuulizwa chochote, nami nilisifu moyoni nidhamu hiyo. Kwa muda mfupi tulikuwa tumekwisha kuingia majini na kushikana mikono, katika ziwa ambalo mpaka Aprili huwa bado limefunikwa na barafu, na ambalo, kwa ushahidi wa magoti yangu, lilikuwa halijaisahau. Mkono wangu wa kulia ulishikwa na mpishi. Wa kushoto ulishikwa na mchungaji mstaafu, aliyevaa pajama zenye picha za samaki, na ambaye, alipotambua katika giza ni nani aliye karibu naye, alinong'ona kwa meno yanayogongana, "Kamwene."

Tulipopiga hatua za kwanza, kile kitu kikacheka. Ndiyo, kilicheka, kicheko chembamba cha kutetemeka, kutoka katikati ya ziwa. Kwetu ningejua la kufanya, kwa kuwa anayecheka usiku ni fisi au ni mambo mengine, na yote mawili yana dawa moja, nayo ni kurudi ndani. Mstari mzima ulisimama. Kisha mpishi akaniachia mkono na kusema kwa sauti ya mtu aliyechoka sana, "Huyo ni luni."

Luni ni ndege wa maji mwenye madoadoa meupe mgongoni na macho mekundu, hodari wa kuzamia, na tangu mwaka 1961 ndiye ndege rasmi wa jimbo la Minnesota. Nilielezwa hayo nikiwa bado ndani ya maji hadi kiunoni. Nilielezwa pia kwamba ule mlio mrefu ni wa kumwita mwenzake, na kwamba kile kicheko si kicheko bali ni hofu. Maana yake ndege aliona kundi la watu wenye pajama wakimjia na tochi, akaogopa, na kwa hilo siwezi kumlaumu.

Wakati huo ndipo mvulana wangu alipotokea kwenye njia itokayo vyooni, tochi mkononi, akautazama umati, akatutazama sisi tuliokuwa ziwani, akauliza kwa uchungu wa kweli kwa nini mchezo wa usiku umeanzishwa bila yeye.

Watoto walipewa kakao ya moto saa tisa usiku na wakatangaza kwamba hiyo ndiyo kambi bora kuliko zote. Mkurugenzi, akiwa amepata kiatu cha pili, alileta fomu ya taarifa ya tukio, tukaketi kuijaza. Aliyeathirika: hakuna. Chanzo cha tukio: hapo alikaa na kalamu kwa muda mrefu akinitazama. Nikamwambia aandike, "Ndege," kwa sababu mimi nilifuata jalada neno kwa neno, na kama kuna mtu aliyepiga kelele bila sababu usiku ule, basi alikuwa na mabawa. Aliandika.

Kundi jipya la walezi kutoka nje lilipofika, mchungaji alipendekeza niwafundishe milio ya luni ili yasitupate tena. Nilikuwa nimejifunza yote minne, nikaenda nao gatini, nikakusanya viganja mdomoni na kuanza. Kilio kilitoka vizuri. Kicheko kilipigiwa makofi. Mlio wa nne, ambao hutolewa na dume peke yake anapotetea eneo lake, niliutoa kwa moyo wote, na maji yaliyo mbele ya gati yakapasuka: dume akaibuka, akasimama wima juu ya maji, akipiga mabawa na kunikazia yale macho mekundu, akinijibu kwa matusi ambayo hayakuhitaji mkalimani.

"Mshtakiwa amefika," alisema mchungaji.

Walezi wapya walikuwa tayari nusu ya njia kuelekea jikoni. Mkurugenzi hakusema neno. Alinyoosha kiganja tu, nami nikaivua filimbi shingoni na kumkabidhi.