Farasi dume bora wa Howrse: abaki zizini au apandishe kwa wote?

Katika Howrse, mchezo wa kufuga farasi mtandaoni ulioanzishwa mwaka 2005 na kampuni ya Ufaransa ya Owlient, ambayo Ubisoft iliinunua mwaka 2011, wafugaji wazoefu hawabishani sana kuhusu namna ya kumpata dume bora, maana njia yake inajulikana. Wanabishania nani apandishiwe naye. Wako wanaomfungia kwa majike wa zizi lao na wa marafiki wachache, na wako wanaoiweka huduma yake sokoni kwa yeyote mwenye equus, yaani sarafu ya mchezo, za kulipa.

Hoja ya wanaofungia ni nzito, na uzito wake huonekana mtu anapoihesabu kazi yenyewe. Uwezo wa kurithi wa farasi hupimwa kwa stadi sita: stahamala, kasi, mafunzo ya utii, shoti (mbio za kasi), mwendo wa matiti (mbio za polepole) na kuruka. Ili dume awarithishe watoto kilicho bora alichonacho, kipimo chake cha BLUP, yaani alama ya thamani ya mbegu yake, sharti kifike 100, nacho hakifiki mpaka atimize miaka 10, amalize mazoezi ya stadi zake kuu na ashinde mashindano 20. Siku moja ya kwetu humwongezea farasi miezi miwili tu, hivyo asiyetumia pointi za kuzeesha hungoja siku 60 hivi, akilisha, akisugua na kulaza kila siku, kabla kizazi kimoja hakijakamilika. Jike naye sharti awe amefika 100 na stadi zao kuu zilingane, kwa kuwa dume wa kasi na shoti akipandishwa kwa jike aliyejengwa kwa kuruka, mtoto huangukia katikati, hafai huku wala kule. Jina BLUP limetoka kwa wanatakwimu wa mifugo halisi, ambao hulitumia kukadiria thamani ya mbegu ya mnyama. Katika mchezo limekuwa kipimo cha bidii ya mfugaji, na ndiyo sababu mwenye dume huona kwamba anayetaka mbegu ile anataka jasho lake.

Hata hivyo, wanaofungia wakidai kwamba wanalinda ubora wa dume, mtoto dhaifu aliyezaliwa kwenye zizi la jirani hampunguzii dume chochote. Kinacholindwa kwa kufungia ni nafasi ya mwenyewe katika msimamo wa mashindano, jambo ambalo ni halali, lakini lisiitwe ulinzi wa ubora. Wala haifai kutolea mfano kikomo cha Jockey Club ya Marekani, chombo kinachosajili farasi wa mbio, iliyotangaza mwaka 2020 kuwa madume wa mbio waliozaliwa kuanzia mwaka huo wasipande majike zaidi ya 140 kwa mwaka, kisha ikakifuta mwaka 2022 baada ya wenye mashamba ya farasi kwenda mahakamani. Kikomo kile kilikusudiwa kuzuia nasaba isibanwe na madume wachache, ilhali zizi lililofungwa huibana zaidi.

Upande wa kufungua nao una gharama. Kila upandishaji hula nguvu ya dume, kwa hiyo majike wa wageni huwapokonya zamu majike wa nyumbani, na bei ikiwa ya chini mno huwavuta wanaozalisha watoto kwa wingi ili wauze, bila kuangalia stadi.

Kwa maoni yangu, kinachofaa kupimwa hapa ni wakati. Dume afungiwe mpaka wanawe wafike BLUP 100, maana hapo mwenyewe ameshasonga kizazi kimoja mbele na haogopi kufikiwa kesho. Kisha baba afunguliwe kwa bei ambayo mfugaji wa miezi michache anaimudu, na stadi zake kuu zitajwe wazi kwenye ukurasa wake ili wenye majike wasipandishe kwa kubahatisha. Mgeni akimkosa dume wa namna hiyo, hulazimika kuanza na farasi wa kawaida na kupanda kizazi baada ya kizazi, na wengi huuacha mchezo kabla hawajauonja utamu wake.