Hellfire ya leza: zile sekunde za kushikilia mwali si hasara tupu

Wanaojadili makombora ya helikopta siku hizi wengi wanasema Hellfire ya leza, kombora la kuvunja vifaru linalofuata mwali wa leza ulioelekezwa kwenye shabaha, imepitwa na wakati, kwa sababu mlengaji hana budi kushikilia mwali juu ya shabaha mpaka kombora litue. Toleo la rada, AGM-114L, lililoingia kazini mwishoni mwa miaka ya 1990, hufyatuliwa na helikopta ikajificha papo hapo. Hoja hiyo ina uzito. Kasoro yake ni kuzihesabu zile sekunde kuwa hasara tu, na vita vya Ghuba vya 1991 vinaonyesha vingine.

Tarehe 17 Januari 1991, saa 8:38 usiku, helikopta nane za kivita aina ya Apache za jeshi la Marekani zilishambulia vituo viwili vya rada magharibi mwa Iraq, dakika 22 kabla ya saa iliyopangwa mashambulizi makuu yaanze. Kila moja ilikuwa na Hellfire nane tu badala ya 16, maana nafasi nyingine ilibeba tangi la ziada la mafuta. Apache hazikuwa na GPS. Zilitanguliwa na helikopta za Pave Low zilizokuwa nayo, ambazo zilidondosha vijiti vinavyong'aa jangwani ili marubani wa Apache wapitie juu yake na kusahihisha vipimo vyao vya mahali walipo. Jenereta zilipigwa kwanza, kisha magari ya mawasiliano, halafu antena. Hellfire 27 zilitumika, na kazi ikaisha kwa dakika chache.

Mpangilio huo unapatikana pale mlengaji anapochagua mwenyewe sehemu ya kuangazia. Kichwa cha kombora hutafuta mwali uliorudi wenye msimbo wake wa mipigo, kisha kinaufuata. Kosa dogo la mkono au la mazingira hulipotosha. Vumbi na moshi hurudisha mwali kabla haujafika, na kombora likafuata wingu la vumbi. Shabaha ikiwa ndogo kuliko doa la leza, mwali humwagikia nyuma yake. Wingu likiwa chini, kombora hupanda na kuingia ndani yake, likapoteza doa. Anayeangazia kutoka mahali pengine asipite nyuzi 60 pembeni mwa njia ya kombora, la sivyo doa linaweza kuangukia upande ambao kombora haliuoni.

Gharama yake ni muda. Kwa kilomita 8, kombora huchukua zaidi ya nusu dakika, na muda wote huo helikopta, au mwenzake anayeangazia, lazima awe anaiona shabaha. Mbele ya adui mwenye makombora ya begani hilo ni tishio halisi, na msafara wa vifaru uwandani unastahili kupigwa kwa rada.

Lakini ndani ya nusu dakika hiyo mlengaji anaendelea kuangalia. Akigundua kosa anausogeza mwali hadi ardhi tupu, na kombora linaufuata. Uwezo huo wa kubatilisha baada ya kufyatua ndio watetezi wa rada wanaousahau.

Usiku wa tarehe 17 Februari 1991 ndio unaopaswa kuwekwa mezani na pande zote mbili. Apache ya Marekani ilirusha Hellfire mbili, moja ikapiga Bradley na nyingine M113, yote magari ya kivita ya jeshi lao. Wanajeshi wawili waliuawa na sita wakajeruhiwa. Makombora hayakukosea hata kidogo. Uchunguzi wa serikali ya Marekani ulisema chanzo kikuu kilikuwa makosa ya binadamu, yakiwemo ya urambazaji na ya kusoma vibaya nambari za ramani. Katika kamera ya joto gari la kivita kwa mbali ni doa la moto, na alama za utambulisho zilizochorwa ubavuni hazionekani. Kwenye mkanda wa sauti mlengaji anasikika akisitasita, kisha anathibitishiwa kutoka ardhini kwamba yale ni magari ya adui.

Basi sekunde za mwali hazikuwaokoa wale wawili, kwa sababu shaka ilikuwa imezimwa kabla ya kombora kuondoka. Wakosoaji wana haki kusema hivyo. Ila dawa ya kosa la aina hii haiwezi kuwa kupunguza muda wa kuangalia. Ukraine tumeona Warusi nao wakielekea kwenye kuendelea kuangalia: video za kombora la LMUR, linalorushwa na helikopta kama Mi-28NM, zinaonyesha picha ya kamera ya puani mwa kombora ikitumwa kwa mlengaji hadi linapofika. Helikopta imebaki mbali, na jicho la mtu halijaondoka.

Rada ya Longbow, ile ya Apache inayotumika na AGM-114L, hutenganisha gari la minyororo, la magurudumu na mfumo wa kutungulia ndege. Haisemi ni la nani.