Mtoto Aliyehama Ndiye wa Kumtafuta

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, Dar es Salaam tunabishana shule ipi imepanda na ipi imeshuka. Lakini waliofanya mtihani mwaka huu si wale wa mwaka jana. Matokeo hayo hayawezi kutuambia binti aliyefanya vizuri darasa la saba pale Mbagala alianza kuteleza lini, na kwa nini.

Ndiyo maana wapo wanaotaka watoto walewale wafuatiliwe miaka mingi. Kule Dunedin, New Zealand, watafiti wamefuatilia watu 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973, na wakaona kwamba mtoto anayeweza kujizuia huwa na afya na kipato bora ukubwani, hata ukizingatia akili yake na hali ya wazazi. Kwetu swali liko wazi: tangu Novemba 2021 wasichana waliojifungua wanaruhusiwa kurudi shule. Waliorudi wanahesabika. Nani anavumilia hadi kidato cha nne, na nani alimlelea mtoto, hilo linahitaji kumfuata.

Wanaopinga hawakosei. Majibu yatachelewa, na madarasa yamefurika leo. Tena jiji hili halitulii: kodi ikipanda familia inahama Sinza kwenda Chanika, laini ya simu inabadilishwa, mtoto anapelekwa kwa bibi. Utampata wapi?

Hoja hii ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote, na kwangu ndiyo sababu ya kufanya kazi yenyewe. Kagera, utafiti ulioanza 1991 na kaya 915 uliwasaka watu hao tena mwaka 2004, pamoja na waliokwisha kuhama, ukakuta wametawanyika katika kaya zaidi ya 2,700. Kuhama peke yake kuliongeza ukuaji wa matumizi yao kwa pointi 36 za asilimia. Watafiti wangeishia kijijini, wasingeliona hilo. Kwa Dar nahofia kinyume chake: anayetoweka kwenye daftari la mtafiti huenda ndiye aliyeacha shule, na waliobaki watatupa picha nzuri kuliko hali ilivyo.

Kwa hiyo naunga mkono, ila bajeti ya kuwatafuta waliohama itengwe kwanza. Mtoto ambaye mzazi wake aliridhia afuatiliwe akiwa na miaka 11 aulizwe upya akifikisha 18. Taarifa ni zake. Na mama wa Tandale anayejibu dodoso kila mwaka bila kusikia lolote ana haki ya kufunga mlango. Majibu yasomwe kwanza kwenye mkutano wa mtaa wake, kwa Kiswahili, kabla ya kupelekwa kwenye jarida lolote la nje.